Gitaa tulilipata, wema wake ndio uliotusumbua: tulivyoandaa chumba cha kumbukumbu ya mwanamuziki wetu Tabora

Tangu tufungue chumba cha kumbukumbu ya Mzee hapa Tabora, simu nyingi ninazopokea si za pongezi. Ni za watu wa Nzega, Urambo, hata Ujiji, ambao nao wana mzee wao aliyekuwa manju, mpiga gitaa au mchekeshaji, amefariki, na sasa wanataka wamfanyie "makumbusho". Wote huuliza swali moja: mlianzaje? Nimechoka kueleza habari ile ile huku salio la mwenzangu likiteketea, kwa hiyo naiandika hapa, pamoja na gharama zake na aibu zake.

Jina la Mzee sitalitaja. Familia imeomba hivyo, na sababu utaziona mbele. Wenyeji wa Tabora watamjua tu kabla hawajafika katikati, ila wanyamaze.

Alikuwa mpiga gitaa la rithimu enzi ambazo mji huu ulikuwa wa muziki kwelikweli. Vijana wakisikia "dansi" akili yao inakimbilia Dar es Salaam, lakini Kiko Kids walikuwa wakipiga hapa tangu miaka ya 1940, wakafuata Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Reli ilisaidia. Reli ya kutoka Dar ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, tawi la Mwanza likafika 1928, na bendi ikitaka kwenda kokote inapakia ala zake kwenye behewa na kuondoka. Mzee alipita katika zaidi ya bendi moja. Alirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kama wenzake, maana redio ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Santuri zake chache zilitengenezwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikaziba, na ulipofunguliwa mwaka 1983 yeye alikuwa ameshaacha jukwaa na kununua mashine ya kusaga.

Sifa yake ya pili ilianzia hapo mashineni. Alisomesha watoto wa watu. Alinunua sanda. Aliyekosa hela ya kusaga alisagiwa. Kisima cha mtaani kwetu ni mkono wake. Alipofariki, waliolia zaidi walikuwa watu ambao hawakuwahi kumwona akipiga gitaa.

Wazazi wa mtaa waliniita kwa sababu nafundisha historia, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi Kwihara kwenye Tembe la Livingstone. Mzee mmoja alinisalimu, "Mwangaluka, mwalimu," kisha hakuzunguka. "Yule Mzungu alikaa pale miezi michache mwaka 1872 akisubiri wapagazi wa Stanley, ana nyumba na kibao barabarani. Huyu wetu aliyezaliwa hapa, akaimba hapa, akalisha watu hapa, hana hata ubao. Ninyi mliosoma mnafanya nini?" Sikuwa na jibu, na ndivyo nilivyoingizwa kwenye kamati.

Jambo la kwanza nitakalokuambia wewe unayepanga: anza na mirathi. Usianze na picha, wala kabati, wala kutafuta mgeni rasmi. Sisi tulipewa ruhusa na mtoto mkubwa wa Mzee, kwa mdomo, mbele ya wazee, juu ya chai na mihogo. Ilionekana inatosha, kwetu neno la mkubwa ndilo neno. Tukaanza kuhamisha vitu kwenda chumba cha mbele cha nyumba ya Isevya ambacho familia ilikuwa imekitoa. Baada ya wiki mbili hivi akafika mdogo wake wa mama mwingine, hasira zimempanda, anauliza nani amewaruhusu kuugeuza urithi wa baba yake maonyesho. Vitu vikarudi vilikotoka, kwenye guta, mchana kweupe, mtaa mzima umesimama barazani unatuangalia.

Baadaye wakili mmoja rafiki yangu akanifafanulia kitu ambacho ningependa kila kamati ikijue kabla ya kikao cha kwanza. Mtu akishafariki, mwenye mamlaka ya kuazimisha vitu vyake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo kwa kuwa tu ni mkubwa, wala mjane kwa kuwa tu ni mjane. Na familia nyingi, kama hii, hazijafungua mirathi kabisa: kila mtu anakaa alipokuwa akikaa, mashine inasaga, maisha yanaendelea. Ikabidi ndugu wakutane, waandike muhtasari wa kikao cha ukoo, wachukue cheti cha kifo, waende Mahakama ya Mwanzo. Kamati ilikaa bila kazi kwa miezi kadhaa. Kuna waliokata tamaa wakajitoa. Lakini kile kikao cha ukoo ndicho kilichowakutanisha watoto wa Tabora na wa Kigoma kwa mara ya kwanza tangu msiba, na bila hicho tusingelipata gitaa.

Msimamizi alipopatikana, tuliandika mkataba wa azima. Nasisitiza azima. Ndugu wengine walikuwa tayari kutupa vitu moja kwa moja, nikakataa, na bado nadhani nilikuwa sahihi. Mtu aliyefiwa hutoa kwa moyo wa siku ile. Mwaka wa tatu anaanza kukumbuka saa ya baba yake. Mkataba wetu ni wa miaka miwili, unaweza kuongezwa. Kila kitu kina namba, picha yake, na maelezo ya hali kilivyokuja: mkwaruzo uko wapi, kifungo kipi hakipo, doa la nini. Unaeleza nani anaruhusiwa kuja kukichukua, atoe taarifa mapema kiasi gani, nauli ni ya nani, na kikiibwa au kikiungua itakuwaje. Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu huona aibu kukizungumza. Kizungumzeni.

Gitaa lilikuwa Kigoma, Mwanga, kwa binti yake wa mama wa kule. Nilikwenda kwa treni. Nilitegemea kubishana, nikakuta mama mtaratibu, amepika migebuka, ananiita dada tangu mlangoni. Tulipomaliza kula akalitoa chini ya kitanda, kwenye sanduku lake jeusi lililochubuka pembe, akaliweka kwenye mkeka. Kisha akasema, "Dada, hela baba aliwapa wa Tabora na watoto wa watu. Mimi alinipa hili. Ukilichukua, ujue unachukua vyote."

Sikulichukua siku ile. Tulikaa tukisoma mkataba mstari kwa mstari; yeye akiuliza, mimi nikiandika pembeni. Alitaka haki ya kulichukua tena wakati wowote. Alitaka mambo yaliyohusu upande wa Kigoma yaandikwe ukutani na asiyaandike mtu mwingine. Tukakubaliana. Ndipo akalifungua sanduku ili tupige picha hali ya gitaa, na kitambaa chekundu cha ndani kikabanduka upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na bunda la karatasi.

Zilikuwa stakabadhi za ada. Mpira uliozifunga ulikuwa umeyeyuka na kugandia zile za juu, ukaacha mstari wa kahawia kama gundi. Zilizokuwa katikati zilikuwa safi: mhuri wa zambarau wa shule, jina la mtoto kwa mwandiko wa karani, "Ada", mwaka, 20,000/=. Na kwenye nafasi ya aliyelipa, stakabadhi baada ya stakabadhi, neno moja: mzazi. Majina ya watoto yalikuwa ya koo mbalimbali, hakuna hata moja lililofanana na la Mzee. Binti yake alizishika muda mrefu, halafu akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe miaka yote nimelala juu ya ada za watu."

Kwa vijana: shilingi 20,000 ndiyo ilikuwa ada ya mwaka ya sekondari ya serikali ya kutwa kabla haijafutwa kuanzia Januari 2016. Leo inaonekana hela ya vocha. Kwa mkulima wa tumbaku ambaye malipo yake hayajafika, juu yake kuna sare, madaftari na michango, ilitosha kumrudisha mtoto nyumbani. Ukiandaa maonyesho ya namna hii, eleza mambo kama hayo ukutani, maana wanafunzi wangu wa sasa waliniuliza, "Mwalimu, kwani shule ya serikali ilikuwa na ada?"

Niliporudi Tabora na bunda lile kamati ilishangilia. Mpango ukawa umepatikana: stakabadhi zote kwenye fremu moja kubwa katikati ya chumba, gitaa mbele yake, kila mgeni aone. Na mimi nilishangilia. Ilikuwa hoja iliyokamilika bila maelezo.

Mjumbe mmoja, nesi mstaafu, ndiye aliyeuliza kama wenye majina yale wameulizwa. Tukaanza kuwatafuta kimyakimya, na Tabora si kubwa, wengi walipatikana. Baadhi walifurahi kupita kiasi. Kuna aliyetaka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa pamoja na cheo chake cha sasa. Lakini mmoja, mtumishi wa umma, nilimfuata nyumbani jioni, akanikaribisha vizuri, nikamweleza. Akafunga mlango wa sebuleni.

"Mwalimu," aliniambia, "marehemu baba yangu aliingia kaburini sisi watoto tukijua kwamba aliuza mbuzi kunisomesha. Mama bado anawasimulia wajukuu habari ya wale mbuzi. Leo wewe unataka kumwekea ukutani kwamba mbuzi hawakuuzwa?"

Nilimwomba radhi, nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Kilichofuata kwenye kamati ni mjadala ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote hii. Mtu maarufu huacha vitu: picha, santuri, suti, gitaa. Mtu mwema haachi kitu. Unga umeliwa, sanda imezikwa, ada imekuwa mtu mzima mwenye kazi yake na siri zake. Ukitaka kuuonyesha wema wake kwa vitu, mara nyingi utakuwa unaonyesha shida za wengine, na wale wengine bado wako hai, wanapita mbele ya dirisha wakienda sokoni. Mzee mwenyewe alizificha stakabadhi nyuma ya kitambaa cha sanduku ambalo alijua hakuna mtu nyumbani anayeligusa. Sisi tukawa tunataka kuzitundika.

Kuna aliyependekeza tufunike majina kwa vipande vya karatasi. Tulijaribu kwa wageni wachache kabla ya kufungua. Haikufaa hata kidogo. Shule inaonekana, mwaka unaonekana, mtu anahesabu kwa vidole nani alikuwa kidato cha pili mwaka ule. Kufunika jina katika mji mdogo ni kuanzisha chemsha bongo, na wabashiri wetu walitaja watu wasiohusika kabisa. Tukaziondoa. Iliyoko kwenye kabati sasa ni moja tu, ya mtu aliyesaini ruhusa akijua kwamba siku yoyote akisema itoke, itatoka. Nyingine ziko kwa familia, kwenye bahasha, hazionyeshwi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kamati zizingatie hilo, ingawa kusema kweli sisi tulisimamishwa na wale mbuzi kabla ya sheria.

Badala ya karatasi tukatumia sauti. Kuna benchi, spika ndogo, na watu wanasimulia bila majina. Nimejifunza kwamba ukiuliza, "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu wa watu" na kila mtu, na utarudi nyumbani na masaa ya sifa zisizo na kitu ndani. Uliza siku. "Siku ile ulipokwenda mashineni huna hela, ilikuwaje? Ulibeba nini? Alisema nini?" Bibi mmoja alieleza jinsi Mzee alivyokuwa akimpokea debe lake, anaongea na watu wengine bila kumtazama, kisha anamrudishia debe limejaa unga na wala hasemi kitu, ili wale waliopanga foleni nyuma wasijue nani kalipa na nani hajalipa. Hiyo ni sekunde chache tu za sauti, na inafanya kazi ambayo fremu yetu isingeifanya. Ruhusa ichukuliwe ndani ya rekodi yenyewe, mwanzoni, mtu aseme kwa kinywa chake anakubali itumike wapi. Simu ya kawaida inatosha ukizima feni na kuwafukuza kuku. Nakala ziwe zaidi ya mbili, na moja ikae nje ya jengo.

Wakongwe wa muziki walitutoa jasho la aina nyingine. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake wa Mzee kuingia bendini, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Tulichokifanya ni kuandika ukutani yale tu yanayothibitishwa na lebo za santuri na barua zake, na mabishano yenyewe tukayaacha kwenye spika, wazee wakikatana kauli. Wageni wanayapenda kuliko maelezo yangu.

Kisha ile sentensi ya Kigoma. Binti yake aliituma kwa ujumbe wa simu: "Familia yake iliishi Tabora na Kigoma. Kigoma ilimwona kwa nadra." Nusu ya kamati ilisema huko ni kumvunjia heshima marehemu. Nusu ilisema mkataba umesainiwa. Mimi niliona kwamba chumba chenye sifa tupu hakuna anayekiamini, na mtu aliyetoa kwa wengi hivyo, kuna mahali alipunguza. Ikabandikwa. Hakuna aliyelalamika hadi leo, na nimewaona kina mama wakiisoma, wakitazamana.

Sasa vitu vyenyewe, nipite haraka, ingawa hapa ndipo hela ilipopotelea.

Gitaa la zamani likisafirishwa, legeza nyuzi. Likikaa limekazwa kwenye joto na mtikisiko, shingo inapinda. Nililifunga kwa shuka la marekani lililofuliwa mara kadhaa bila sabuni ya manukato, na shuka hilo hilo ndilo tunalofunikia vitu usiku. Mtu wa makumbusho niliyempigia simu aliniambia ni kitambaa kizuri kuliko nailoni yoyote ya dukani.

Suti yake ya jukwaani, suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, na koti la kumetameta, ilikuwa na wadudu. Dawa za kupuliza zinaharibu kitambaa. Njia iliyopendekezwa ni baridi: funga nguo kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza linalogandisha sawasawa kwa wiki mbili, halafu ukiitoa usifungue mfuko mpaka baridi yote iishe, la sivyo unyevu utaingia ndani ya kitambaa. Friza tuliyoipata ni ya mama anayeuza samaki wa Igombe. Basi koti lililowahi kupiga dansi usiku kucha likalala kati ya perege, na kila umeme ulipokatika nilikuwa napiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Halikunuka. Wadudu walikufa. Viatu vya raizoni, vile vya soli nene, hatukuvigandisha, soli zake zilikuwa zinapukutika. Vimewekwa kama vilivyo.

Makabati tulichongesha kwa mninga, fahari ya mkoa, laki nne na ushei kila moja pamoja na kioo. Fundi alipaka vanishi akataka tuweke vitu kesho yake. Kataeni. Mbao mpya na vanishi mbichi hutoa mvuke unaoharibu picha na kutia kutu chuma. Acheni makabati wazi mahali penye hewa, wiki kadhaa, mpaka ukiingiza pua husikii kitu. Yawe na miguu na yasiguse ukuta, ili mchwa akija umwone njiani.

Picha halisi za karatasi hazikai ukutani kabisa kwetu. Tulizipiga skani, tukachapisha nakala, halisi zikarudi kwenye bahasha gizani. Dirisha la chumba linapokea jua la jioni, na jua la Tabora la Oktoba halimwachi mtu sembuse picha. Kwenye albamu tulikuta nyingi zimebandikwa kwa selotepu miaka hiyo. Usibandue kwa nguvu, piga skani hapo hapo zilipo. Angalia na nyuma ya picha. Ikiwa na mhuri wa studio, mpiga picha naye ana haki yake.

Hali kadhalika nyimbo. Watu walidhani kwa kuwa ni Mzee aliyepiga, tunaweza kuzipiga tu chumbani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, na Mzee hakuwa mtunzi wa nyimbo zote alizopiga. Wapo watunzi wenzake, wapo waliorekodi. Tuliandika barua, tukafungua chumba bila muziki wakati tunasubiri majibu. Ajabu yake, wazee walipokuwa wakiingia na kuliona gitaa, walianza wenyewe kuimba.

Hela. Kikundi tulikisajili halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii, tukafungua akaunti yenye watia saini watatu. Michango ilitoka kwa watu wa kawaida zaidi kuliko nilivyotegemea, na kwa wenye uwezo kidogo kuliko walivyoahidi kwenye kipaza sauti. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kulipia makabati yote kwa sharti bango lake likae juu ya mlango. Tulipopima, lilikuwa kubwa kuliko picha ya Mzee. Tukamshukuru. Baadaye alituletea mifuko ya saruji bila bango, tukatengeneza kibaraza. Kwa hiyo kukataa si lazima kulete ugomvi.

Iliyotumaliza ni siku ya ufunguzi. Mahema, viti, kipaza sauti, pilau, soda, fulana. Pilau peke yake ilizidi gharama ya makabati mawili, na waliokula wengi hawakuingia chumbani, palikuwa hapapitiki. Kama ningekuwa na kura mbili, ningefungua bila sherehe, wiki nzima, mtaa mmoja kila siku, kwa chai na matobolwa, viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa. Na mfungue kiangazi. Mvua za kwetu zinaanza Novemba hadi Aprili, na bati ambalo hujawahi kulijaribu usilijaribu juu ya gitaa la mtu.

Maandishi ya ukutani yalikuwa marefu mno mwanzoni, mwalimu ni mwalimu. Niliyakata mpaka kila ubao ukabaki na aya moja fupi, herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyesahau miwani. Tulishusha baadhi kwa ajili ya watoto. Debe la mashineni liko wazi, linaguswa, na ndilo kitu kinachopendwa zaidi na wanafunzi wa msingi. Wanalipiga kama ngoma, nimeacha kuwakataza.

Mwezi uliopita binti wa Kigoma amepiga simu. Mwanawe anaoa Desemba, na anataka gitaa la babu liwepo ukumbini, kisha likae kwake mwaka mmoja. Kamati imegawanyika tena. Wapo wanaosema tumwombe aahirishe, kwamba bila gitaa hakuna kitakachobaki cha kuonyesha. Mkataba uko wazi, na mimi nimeshaanza kutafuta sanduku la kusafirishia lililo imara zaidi, maana lile jeusi sitaki tena lisafiri na kitambaa chake kile. Kabati la katikati tutaliweka picha ya ukubwa halisi ya gitaa, na kibao kinachosema limekwenda harusini Kigoma na litarudi lini. Kwenye mkataba wenu andikeni mapema, kitu kikirudi kwa mwenyewe, nafasi yake itajazwa na nini na nani atalipia uchapishaji. Sisi hatukuandika, na hiyo picha bado inatafutiwa hela.